Mgandamizo wa hewa unavyogeuza mikondo ya bahari na kuamua hatima ya Salale

WAKATI mvua za masika za mwaka 2024 zilipokuwa zikielekea ukingoni, ukanda wa Delta ya Mto Rufiji, mkoani Pwani, ulijikuta ukizingirwa na maji kutoka pande mbili. Kwa upande wa bara, Mto Rufiji ulikuwa umefurika na kufunika mashamba na makazi. Kwa upande wa bahari, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa kikisogea kuelekea Mafia, kisiwa kinachotazamana na delta hiyo, na kilipoteza nguvu zake Mei 4, mwaka huo.

Kwa mkazi wa Salale, kata iliyomo ndani ya delta hiyo katika Wilaya ya Kibiti, matukio hayo mawili yalionekana kuwa mikosi miwili tofauti iliyokutana kwa bahati mbaya. Mmoja ulitoka mtoni, mwingine ulitoka baharini. Lakini kitaalamu yote mawili yana mzizi unaofanana, nao ni namna uzito wa hewa unavyogawanyika juu ya Bahari ya Hindi, na namna mgawanyiko huo unavyosukuma upepo, upepo nao ukasukuma maji ya bahari.

Suala hilo linaweza kuonekana kuwa la maabara na vyuo vikuu. Hata hivyo, ndilo linaloamua kama mpunga wa delta utavunwa au utaoza, kama chombo kitavuka salama kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, na kama kamba watapatikana kwa wingi au nyavu zitarudi tupu. Ndilo pia linaloamua kama mabomba ya Dar es Salaam yatatoa maji mwezi wa Novemba.

Kusi na kaskazi

Hewa ina uzito. Juu ya usawa wa bahari, wastani wa mgandamizo wake duniani ni takriban hektopaskali 1,013. Mahali ambapo hewa imepoa na kushuka, mgandamizo huwa mkubwa. Mahali ambapo imepata joto na kupanda, mgandamizo huwa mdogo. Upepo ni hewa inayotoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, ingawa haiendi moja kwa moja, kwa kuwa mzunguko wa dunia huipinda njiani.

Kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa mashariki na kusini mashariki wa Madagaska, kuna eneo la mgandamizo mkubwa ambalo wataalamu hulitaja kwa jina la Mascarene, kutokana na visiwa vilivyo jirani nalo, vikiwamo Mauritius na Reunion. Jina hilo si geni kwa wanaofuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kwani hutajwa mara kwa mara katika maelezo ya mwelekeo wa mvua za misimu.

Kuanzia Aprili na Mei, nchi kavu za kaskazini mwa bahari hiyo, yaani Uarabuni, Pakistani na kaskazini magharibi mwa India, hupata joto kali na mgandamizo wa hewa hushuka. Hewa kutoka Mascarene huanza kusafiri kuelekea huko. Inapofika pwani ya Tanzania inakuwa upepo wa kusini na kusini mashariki, ndio kusi. Inapokaribia Ikweta huzuiwa na kuelekezwa na nyanda za juu za Afrika Mashariki, kisha huvuka na kupinda kuelekea kaskazini mashariki hadi India. Mwaka 1969 mtaalamu Mwingereza, J. Findlater, alieleza kwa vipimo kwamba sehemu ya upepo huo ni mto mwembamba wa hewa yenye kasi kubwa unaopita chini chini kando ya nyanda hizo.

Ifikapo Novemba na Desemba mambo hugeuka. Bara la Asia hupoa, na juu ya Siberia hujengeka mgandamizo mkubwa mno. Hewa huanza kushuka kuelekea kusini, na pwani ya Afrika Mashariki hupokea upepo wa kaskazini mashariki, ndio kaskazi, unaodumu hadi Machi.

Majahazi yalijengewa biashara juu ya utaratibu huo kwa karne nyingi. Vyombo vya Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na India vilishuka na kaskazi vikiwa na tende, chumvi na vitambaa, vikarejea na kusi vikiwa na shehena, zikiwamo boriti za mikoko zilizokatwa katika Delta ya Rufiji. Aliyekaidi utaratibu huo alilipia. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 24, mwaka 1498, kusi ikianza, akafika pwani ya Calicut kwa chini ya mwezi mmoja. Aliporejea mwaka huo huo bila kusubiri kaskazi ikomae, alitumia takriban miezi mitatu kuvuka bahari ile ile, na mabaharia wake wengi wakafa njiani kwa ugonjwa wa kiseyeye.

Mkondo unaofuata upepo

Kinachojulikana kwa wachache ni kwamba upepo huo hausukumi tanga peke yake. Husukuma bahari yenyewe.

Maji mengi yanayopita mbele ya pwani ya Tanzania huanzia mashariki, katika Mkondo wa Ikweta wa Kusini, unaovuka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi. Mkondo huo hugonga bara la Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kaskazini mwa Msumbiji na jirani na mpaka wa Tanzania, kisha hugawanyika. Tawi moja huelekea kusini, na jingine hupanda kaskazini likipita Mtwara, Kilwa, Mafia, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Tawi hilo la pili ndilo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki.

Mkondo huo huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini haufanani mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na maji huenda upande mmoja, na kasi yake inaweza kufikia noti 3 hadi 4, yaani zaidi ya kilomita 5 kwa saa. Wakati wa kaskazi upepo huupinga, na kasi yaweza kushuka hadi chini ya noti 1.

Huko mbele, nje ya pwani ya Somalia, jambo la ajabu zaidi hutokea. Mkondo wa Somalia hugeuka kabisa. Wakati wa kusi hupanda kaskazini kwa nguvu kubwa, ukiwa miongoni mwa mikondo yenye kasi zaidi duniani, na kuvuta juu maji ya baridi yenye rutuba kutoka kilindini. Wakati wa kaskazi hushuka kusini, ukakutana na ule unaotoka Tanzania mahali fulani mbele ya pwani ya Kenya, na yote miwili ikalazimika kupinda na kurudi mashariki. Ni nadra kuona mkondo mkubwa kiasi hicho ukigeuza uelekeo mara mbili kwa mwaka, na sababu yake ni kugeuka kwa mgandamizo wa hewa kati ya Asia na kusini mwa Bahari ya Hindi.

Kwa mvuvi wa Salale, maelezo hayo yana tafsiri ya moja kwa moja. Kaskazi ni msimu wa bahari tulivu, vyombo vidogo hutoka nje ya midomo ya mto na kufika mbali. Kusi ni msimu wa mawimbi, maji hukorogeka, na wengi hubaki ndani ya mito ya delta na katika mlango bahari wa Mafia. Kalenda ya jikoni, ya ada ya shule na ya madeni hufuata kalenda hiyo ya upepo.

Siri ya maleleji

Kama kusi na kaskazi zingekuja kila mwaka kwa kipimo kile kile, elimu ya wazee ingetosha. Tatizo ni kwamba kati ya misimu hiyo miwili kuna kipindi kifupi cha mpito ambacho mabaharia hukiita maleleji au tanga mbili, upepo unapokuwa hafifu na usiotabirika. Kwa aliyeko pwani, hicho ni kipindi cha kusubiri. Kwa bahari, ni kipindi cha uamuzi.

Mwaka 1973 mwanasayansi Klaus Wyrtki alionyesha kwamba katika vipindi hivyo vya mpito, mwezi wa Aprili na Mei, na tena Oktoba na Novemba, upepo wa magharibi huvuma juu ya Ikweta katikati ya Bahari ya Hindi na kuzalisha mkondo mwembamba wenye kasi unaokimbilia mashariki. Mkondo huo hubeba maji ya moto ya tabaka la juu na kuyarundika upande wa Sumatra, nchini Indonesia. Ndiyo maana katika mwaka wa kawaida upande wa mashariki wa bahari hiyo huwa na joto zaidi na mvua nyingi zaidi kuliko upande wa Afrika.

Upepo huo wa magharibi unategemea tofauti ya mgandamizo. Upande wa Indonesia huwa mdogo, upande wa Afrika huwa mkubwa kidogo, na hewa hutiririka kwenda huko. Lakini miaka mingine tofauti hiyo hupungua au hugeuka. Bahari ya Sumatra hupoa, mgandamizo wa hewa juu yake hupanda, na upepo wa Ikweta huanza kuvuma kuelekea Afrika. Mkondo wa mpito hudhoofika, maji ya moto hubaki upande wa magharibi, usawa wa bahari huku hunyanyuka kidogo, na mawingu ya mvua yaliyopaswa kunyesha Indonesia hunyesha Afrika Mashariki.

Hali hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 1999 na watafiti wa Japani na India, wakiwamo N. H. Saji na Toshio Yamagata, walioipa jina la Dipole ya Bahari ya Hindi, kwa maana ya bahari yenye ncha mbili, moja ya moto na nyingine ya baridi. Ncha ya moto inapokuwa upande wa Afrika huitwa dipole chanya, na mvua za vuli huzidi. Inapokuwa upande wa Indonesia huitwa dipole hasi, na vuli hupungua au kukosekana.

Dipole hiyo ni ndugu wa El Nino, lakini si kitu kimoja. El Nino ni ya Bahari ya Pasifiki. Msingi wa kuifahamu uliwekwa na Gilbert Walker, Mwingereza aliyeanza kuongoza idara ya hali ya hewa ya India mwaka 1904, baada ya njaa kubwa zilizoikumba nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Katika kutafuta sababu za mvua kukosekana, aligundua kwamba mgandamizo wa hewa wa pande mbili za Pasifiki huenda kama pembea: ukipanda Darwin, Australia, hushuka Tahiti, na ukishuka Darwin hupanda Tahiti. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes aliunganisha pembea hiyo na kupata na kupoteza joto kwa bahari.

Tofauti kati ya hali hizo mbili si ya maneno matupu. Mwaka 1997 zilikuja pamoja, El Nino kali na dipole chanya kali, na matokeo yake ni mvua ambazo wakazi wa Dar es Salaam wa umri fulani hawajazisahau. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kali tena, tahadhari zikatolewa kila kona ya Afrika Mashariki, lakini dipole haikufikia ukali wa 1997, na mvua za vuli hazikufikia kiwango kilichoogopwa. Mwaka 2019 El Nino haikuwa kali, lakini dipole chanya ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi katika miongo kadhaa. Afrika Mashariki ilifurika, na upande wa pili wa bahari hiyo Australia iliungua kwa moto wa nyika.

Kuna mfano wa zamani zaidi wenye uzito wa pekee kwa Watanzania. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, mwaka 1961, eneo lote la Afrika Mashariki lilikuwa katikati ya vuli nzito kupita kawaida, iliyokuja baada ya ukame. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. Mwaka huo hapakuwa na El Nino. Leo wataalamu wanaihesabu 1961 kuwa mojawapo ya miaka ya dipole chanya kali, lakini wakati huo hali hiyo haikuwa hata na jina, na aliyefurikiwa hakuwa na namna ya kuambiwa mapema.

Delta kati ya mto na bahari

Ili kuelewa kwa nini mabadiliko hayo yanaigusa Salale kuliko maeneo mengine, ni lazima kutazama mahali ilipo. Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Matawi yake makuu ni Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Mvua inayonyesha Mbeya, Iringa, Njombe na Morogoro hatimaye hupita mbele ya milango ya watu wa delta.

Mwishoni mwa safari hiyo mto hugawanyika katika njia nyingi zinazopenya msitu wa mikoko wenye ukubwa wa takriban hekta 53,000, ambao ndio mkubwa kuliko mingine katika mwambao wa Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kamba wachanga hukulia humo kabla ya kutoka baharini, na maji baridi ya mto wakati wa mvua ni sehemu ya maisha yao.

Kwa karne nyingi Warufiji hawakuyaogopa mafuriko, bali waliyasubiri. Katika bonde, maji yalipopungua waliacha nyuma udongo wenye rutuba, na kilimo cha mlau kikafuata. Katika delta, mpunga hutegemea maji baridi ya mto yasukume chumvi nje, na mkulima hujenga dungu shambani ili kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama. Mafuriko ya wastani yalikuwa neema. Balaa lilikuwa yale yaliyozidi, au yale yasiyofika kabisa.

Dipole hucheza pande zote mbili. Ikiwa hasi, mvua za vuli hupotea, mto huwa dhaifu, na maji ya chumvi hupanda ndani ya delta hadi mashambani. Mwaka 2022, ambao dipole ilikuwa hasi, wakazi wa Dar es Salaam walionja ladha ya hali hiyo pale Mto Ruvu ulipopungua na maji kuanza kutolewa kwa mgawo mwezi Oktoba. Ikiwa chanya, mto hupanda.

Bahari nayo ina lake. Mgandamizo wa hewa unaposhuka kwa hektopaskali 1, uso wa bahari hunyanyuka kwa takriban sentimeta 1, kwa sababu mzigo uliokuwa ukiukandamiza umepungua. Chini ya kimbunga, ambamo mgandamizo hushuka kwa makumi ya hektopaskali, bahari huweza kupanda kwa makumi ya sentimeta hata kabla ya kuhesabu maji yanayosukumwa na upepo. Hayo yakitokea wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita 3, mto uliofurika hukosa pa kumwagia. Maji hurudi nyuma, na njia yake ya kurudi ni mashamba na nyumba za watu wa delta.

Ni kweli kwamba vimbunga ni adimu Tanzania. Karibu na Ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayozungusha hewa ni ndogo mno. Hata hivyo adimu si sawa na kutokuwapo. Kimbunga kiliipiga Zanzibar Aprili 1872 na kingine kikaipiga Lindi Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth kilipita jirani na kutua kaskazini mwa Msumbiji, na miaka mitano baadaye Hidaya kikaja Mafia. Mvua za Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa.

Kilichojulikana, na kilichofika

Mlolongo wa matukio ya 2023 na 2024 unastahili kutazamwa kwa makini. Katikati ya mwaka 2023, El Nino na dipole chanya zilikuwa zikijengeka kwa pamoja. Mwezi Agosti TMA ilitangaza mwelekeo wa vuli yenye mvua za juu ya wastani. Utabiri huo ulitimia. Dipole ilififia mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kama ilivyo kawaida yake, lakini Bahari ya Hindi iliendelea kuwa na joto lisilo la kawaida, na masika yakapata chakula chake humo. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki dunia nchini kutokana na mvua hizo, na zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika.

Katika Rufiji na Kibiti mjadala ulihamia kwenye Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115 ambao ujazaji wake wa maji ulianza Desemba 2022. Baadhi ya wananchi walisema maji yaliyoachiwa bwawani ndiyo yaliyowafurikia. Kwa upande wa serikali ilielezwa kwamba mafuriko Rufiji yalikuwapo kabla ya bwawa, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Ni kweli kuwa historia ya bonde hilo imejaa mafuriko. Ni kweli pia kwamba bwawa limeleta jambo jipya, nalo ni kwamba sasa wapo wanadamu wanaoamua siku ya maji kutoka. Uamuzi huo ukishakuwa mikononi mwa watu, swali la nani aliambiwa na lini haliwezi kuepukwa.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Dalili za dipole huanza kuonekana mwezi wa Juni au Julai, hukomaa Septemba hadi Novemba. Hiyo ni miezi miwili hadi mitatu ya kujiandaa kabla ya vuli. Mvua ikishanyesha katika nyanda za juu, maji huchukua siku kadhaa kufika delta. Kimbunga huonekana katika picha za satelaiti siku kadhaa kabla hakijatua. Kwa maneno mengine, hakuna hata moja kati ya hatari hizi tatu inayopaswa kumkuta mkazi wa Salale akiwa usingizini.

Upungufu uko katika safari ya taarifa kutoka ofisini hadi kwenye mtumbwi. Mkulima anapoambiwa kuwa mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, bado hajaambiwa lolote kuhusu shamba lake. Anachohitaji kujua ni kama apande mbegu inayokomaa haraka, kama ahamishe chakula kabla ya mwezi fulani, na kama dungu la mwaka jana litakuwa juu ya maji au chini yake. Mvuvi anapoambiwa kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa, anahitaji kuambiwa pia kama mkondo wa mlango bahari wa Mafia utakuwa pamoja na upepo au dhidi yake, kwa kuwa mkondo unaopingana na upepo ndio unaosimamisha mawimbi na kuzamisha vyombo.

Lugha ya kufikisha hayo ipo tayari. Kusi, kaskazi, maleleji, bamvua na maji mafu ni maneno yaliyobeba sayansi ya pwani hii kwa karne nyingi, na yanatafsirika moja kwa moja katika ramani za mgandamizo wa hewa. Tangazo linalosema maleleji ya mwaka huu upepo wa Ikweta unavuma kuelekea kwetu, kwa hiyo vuli itakuwa nzito, lingeeleweka na mzee asiyejua kusoma. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vilivyopo katika vijiji vya uvuvi, misikiti, na redio ni njia zilizokwisha kujengwa.

Vivyo hivyo kwa bwawa. Ratiba ya kuachia maji ikitazamwa sambamba na jedwali la bamvua, na ikatangazwa mapema hadi vijijini, inaweza kupunguza uwezekano wa kilele cha mto kukutana na kilele cha bahari. Haitazuia mafuriko makubwa, kwa kuwa hakuna bwawa lisilo na ukomo. Lakini ingempa mkazi wa delta siku chache, na siku chache zinatosha kuvuna, kuhamisha mifugo na kuwapeleka watoto na wazee mahali pa juu.

Uharaka wa jambo hili unaongezeka. Vipimo vinaonyesha kwamba upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ya tropiki umepata joto la nyongeza la takriban nyuzi 1.2 za Selsiasi katika majira ya kusi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kiwango kinachozidi sehemu nyingi za bahari za tropiki. Tafiti kadhaa zinaashiria pia kwamba dipole chanya zilizo kali zitajitokeza mara nyingi zaidi dunia inavyoendelea kupata joto. Madhara yake hayaishii kwenye mvua. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika miamba ya Mafia, na katika msimu huo huo jodari walihamia mashariki ya bahari, wakazifanya meli kubwa za uvuvi ziache maji ya magharibi na kuwafuata huko.

Meli kubwa zina uwezo wa kumfuata samaki hadi upande wa pili wa bahari. Mtumbwi wa Salale hauna uwezo huo, na shamba la mpunga halihami. Anayeishi mahali hapo ana kinga moja tu iliyo karibu naye, nayo ni kujua mapema. Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Lakini watu wa delta wanajua maana ya upepo kuliko wengi walioko mijini. Wanachodai ni kuambiwa, na kuambiwa kwa wakati, kile ambacho vipimo vya hewa vya Mascarene, Sumatra na Darwin vimekwisha kukisema miezi kadhaa kabla tone la kwanza halijaanguka.